Kadi za besiboli ndani ya begi la mitumba: ni za kale au zimevishwa ukale?

Mama Mabegi (Mwanjelwa, Mbeya)

Wakuu, habari za jioni. Mimi nauza mabegi ya mitumba hapa Sido, mwaka wa tisa sasa. Ndani ya mabegi nimeshakuta kila kitu: kalamu, soksi ya mguu mmoja, biskuti iliyoota ukungu, hadi jino la mtoto limefungwa kwenye karatasi. Lile jino nililirusha juu ya bati, maana hata kama ni la Mmarekani, si mtoto tu?

Sasa Alhamisi tumefungua balo la mabegi ya shule. Kwenye mfuko wa ndani wa begi la bluu nikakuta bunda la kadi za wachezaji wa besiboli, ule mchezo wa rungu, limebanwa na rababendi. Nimehesabu, ziko 38. Mchezaji anaonekana kama zile picha za studio za wazee wetu zilizopakwa rangi kwa mkono. Chini kuna kibao chenye jina lake, pembeni yake nyotanyota, na saini juu yake. Ukigeuza nyuma, namba ya kadi imeandikwa ndani ya mpira mdogo.

Kijana wa duka la simu hapa jirani akaingia Google, akanirudia anatetemeka: mama, kadi yenye sura hii hii ya mwaka 1952 iliuzwa dola milioni 12.6. Usiku ule sikulala. Nilijenga nyumba Uyole, nikaipaua, nikaweka na vigae.

Asubuhi nikavaa miwani. Nyuma ya kadi, kwa herufi za sisimizi, imeandikwa 2001. Sasa 1952 na 2001 vimekutania wapi kwenye karatasi moja?

Na nina jambo la kukiri. Ile niliyoipenda zaidi, jina limeandikwa Jeter, niliipeleka steshenari wakaipiga laminesheni kwa shilingi elfu moja. Niliogopa ukungu wa huku. Nimekosea?

Kijiwe cha Kabwe

Mama, bati la Uyole usilipe kwanza 😂

Mjukuu wa Tumbaku (Iringa)

Kamwene, na shikamoo mama. Ngoja nikueleze taratibu, maana hili ndilo gonjwa langu.

Kadi ulizonazo zinaonekana ni Topps Heritage za mwaka 2001. Topps ni kampuni ya Marekani iliyokuwa inauza bigijii na kadi ndani yake. Mwaka 1952 walitoa toleo kubwa la kadi 407, lililobuniwa na mfanyakazi wao Sy Berger kwenye meza ya jikoni kwake Brooklyn. Hicho kibao, nyota, saini na namba ndani ya mpira vyote vimetoka pale. Miaka karibu 50 baadaye wakaichukua sura ile ile, wakaivalisha wachezaji wa wakati huo. Na wameendelea hivyo: ya 2002 ilivaa sura ya 1953, na kila mwaka wanasogea hatua moja. Kwa hiyo si feki. Ni kama kisutu, mama. Kisutu kinachapwa mpaka leo na ni kisutu halali, ila cha bibi ni cha bibi.

Na huyo Jeter angekusaidia hata bila miwani. Alianza kuchezea timu ya New York Yankees mwaka 1995. Mwaka 1952 hata kuzaliwa bado.

Kuna kipimo kisichodanganya kwa toleo hilo: rula. Kadi za Topps za 1952 zilikuwa kubwa, urefu wake kama milimita 95 na upana 67. Heritage ya 2001 ina milimita 89 kwa 64, saizi ambayo Topps waliihamia mwaka 1957. Ukikutana na kadi yenye sura ya 1957 kuja huku, rula haikusaidii tena, soma nyuma.

Ile ya dola milioni 12.6 ni ya Mickey Mantle, namba 311, iliuzwa Agosti 2022. Watu huidhani ni kadi yake ya kwanza, siyo. Ya kwanza ni ya kampuni ya Bowman, 1951. Bei ya Mantle ina kisa chake. Kadi za mwisho za mwaka ule, na hiyo ya Mantle ikiwemo, zilitoka msimu umekwisha, watoto wameshahamia mchezo mwingine, zikadoda ghalani. Mwaka 1960 Berger akazipakia kwenye tishari akaenda kuzimwaga baharini Atlantiki, ndiyo maana zilizobaki ni ghali. Kila nikifikiria kisa hicho naumwa tumbo.

Mimi mwenyewe nilinaswa na za zamani zaidi. Babu yangu alikausha tumbaku kwenye mashamba ya Wagiriki huku Iringa. Siku moja nikasoma kwamba kuanzia 1909 hadi 1911 kampuni ya American Tobacco ilikuwa inatia kadi ndogo za wachezaji kwenye pakiti za sigara, zitangaze sigara na zikaze pakiti isibonyee. Wakusanyaji wanaziita T206. Ya Honus Wagner ilifika dola milioni 7.25 mwaka 2022, kwa sababu ilisimamishwa mapema na zilizobaki ni chache. Wengine husema hakutaka watoto wanunue tumbaku kwa ajili yake, wengine husema alitaka alipwe. Mimi nina moja tu, ya mchezaji asiyejulikana na mtu, pembe zimeliwa, nyuma kuna tangazo la sigara. Namwonyesha kila mgeni, na kila mgeni ananiuliza chai iko wapi.

Ukiuziwa T206, chukua kioo cha kukuzia utazame herufi za jina. Za kweli wino umejaa. Nakala nyingi za kisasa herufi zimevunjika nukta nukta.

Kuhusu laminesheni: mama, pole. Kwa mkusanyaji hiyo kadi imeshakufa. Shukuru ni ya 2001.

Mvua za Tukuyu

Mimi sina kadi, nina stempu, ila adui yetu ni mmoja. Toa hiyo rababendi leo leo, inakata kingo na ikizeeka inaganda kwenye karatasi. Kila kadi iingie kwenye kifuko chake cha plastiki laini, halafu zote kwenye boksi la viatu, boksi likae juu ya kabati, mbali na ukuta. Vile vipakiti vya chengachenga vinavyokuja na viatu vipya, usitupe, tia humo humo. Juni na Julai usizianike juani eti zipate joto. Nilifanya hivyo na stempu za Malkia, zikawa nyeupe kama sanda.

Mama Mabegi (Mwanjelwa, Mbeya)

Marahaba mwanangu wa Iringa. Yule wa Kabwe nimemwona.

Nimeazima tepe ya fundi cherehani nikapima moja moja, wateja wakidhani napima vitambaa. Zote 37 ni milimita 89. Ya Jeter inasumbua kwa sababu ya pembe za plastiki, lakini ukiitazama ndani ni hiyo hiyo 89. Nyumba ya Uyole nimeibomoa kwa amani.

Kijana wa simu anasema nizitupie mtandaoni, kadi za kawaida za aina hii huuzwa senti kadhaa, nyingine dola moja hivi. Nikamwambia nauli ya posta tu inazimeza. Rababendi nimetoa, vifuko nimenunua.

Ila kuna kitu kinaninyima raha. Jana nimezipanga kwa namba mezani. Ninayo 61, 62, 63, halafu inakuja 65. Wewe wa Iringa, 64 ni nani? Na unayo?

Mjukuu wa Tumbaku (Iringa)

Mama, umekwisha. Nitatafuta kwenye boksi langu kesho, nikiikuta naitia kwenye basi la asubuhi. Unanipa nini?

Mama Mabegi (Mwanjelwa, Mbeya)

Nina 23 mbili. Na begi la bluu bado lipo, zipu nzima.