Naomba ushauri: kobe wa bibi analala kwenye friji, uzito unashuka

Wakuu, heshima kwenu, hasa mlioko Ujerumani na mnaofuga kobe.

Bibi wa mume wangu, Mjerumani mwenye vituko vyake, ametuachia kobe dume wa aina iitwayo Hermann, ambaye hulala usingizi mzito majira yote ya baridi. Wajukuu wote wanakumbuka alivyokuwa akimlaza kobe huyo, aliyemwita "Herr Professor" (Bwana Profesa), kila Novemba kwenye chumba cha chini ya nyumba, kando ya viazi, na kumwachia redio asiwe mpweke. Siku hizi chumba hicho kina mtambo wa kupasha nyumba joto, hakishuki chini ya nyuzi 12. Hapo kobe halali sawasawa, anamaliza mafuta ya mwili bila kula.

Kwa hiyo yuko kwenye friji yake peke yake, ndani ya boksi la udongo na majani makavu. Kabla ya hapo aliachishwa chakula na kuogeshwa maji vuguvugu ili tumbo liwe tupu. Mlango unafunguliwa kila wiki hewa ibadilike. Joto lilikuwa likiyumba kati ya 3 na 8. Chupa za maji zilizojazwa rafu ya chini zimelituliza kwenye 5.

Tatizo ni uzito: gramu 1,240 mwanzoni, sasa 1,150, na Machi, wakati wa kumwamsha, bado mbali. Hajakojoa (angekojoa ningemwamsha mara moja). Udongo ulikuwa umekauka, nimeunyunyizia maji.

1. Nimwamshe sasa, au nisubiri hadi apungue asilimia 10?
2. Udongo uwe na unyevu kiasi gani bila gamba kuota ukungu?