Naombeni ushauri: baba amepata kiharusi, maneno yamempotea

Mama Neema: Wadau, baba yangu ana miaka 61, kiharusi kilimpata miezi mitano iliyopita. Mkono wa kulia umelegea, vidole vinacheza kidogo tu. Akitaka maji anasema "kesho", akijisikia amekosea anapiga kitanda kwa hasira. Lakini kanisani wimbo ukianza, anaimba ubeti mzima! Tulikotibiwa walisema sehemu ya ubongo imekufa, tuzoee. Kuna aliyeuguza mgonjwa wa hivi akapata nafuu?

Kijana wa Viungo: Pole sana dada. Kazi yangu ni mazoezi ya viungo. Sehemu iliyokufa hairudi, hilo ni kweli. Ila sehemu za jirani, na hata za upande wa pili, zinaweza kujifunza ile kazi, mradi zitumikishwe. Mzee akifanya kila kitu kwa mkono wa kushoto, ubongo unausahau wa kulia. Edward Taub wa Marekani alibuni tiba ya kuuvalisha mkono mzima glovu nene, ule dhaifu ulazimike kufanya kazi, saa kadhaa kila siku kwa wiki mbili hivi. Kwa kuwa vidole vinacheza, muulize mtaalamu kama inamfaa. Akitembea asivae, ataanguka. Nyumbani aokote maharage, akunje taulo. Mara mia, si mara tano.

Bi Rukia: Mwanangu, shika hapo kwenye kuimba. Kwa watu wengi usemi unakaa ubongo wa kushoto, ila wimbo unatumia sana na wa kulia, ambao kwa baba yako ni mzima, maana mkono wa kulia unaendeshwa na ubongo wa kushoto. Gabrielle Giffords, mbunge wa Marekani, alipigwa risasi upande wa kushoto wa kichwa Januari 2011. Muziki ulikuwa sehemu ya tiba iliyomrudishia maneno. Mume wangu nilimwimbisha "na-o-mba chai" huku nikimgonga mkono wa kushoto kwa mapigo. Wiki ya tatu akaisema bila kuimba. Na msimmalizie sentensi, msubirini.

Mdau wa Mwanza: Watoto wengine wenye kifafa kikali hutolewa nusu nzima ya ubongo, na wengi wao hutembea na kuongea. Mtu mzima hafiki huko, lakini miezi mitano bado ni mapema. Presha mnapima? Kiharusi cha pili ndicho cha kuogopa.

Mama Neema: Jumamosi tu, nitaongeza. Bi Rukia, mzee alikubali kugongwa mkono? Wangu anaona anafanywa mtoto.

Bi Rukia: Alikataa siku nne. Nikamwambia basi anigonge yeye.