Msaada wakuu: natengeneza gemu ya umeneja wa besiboli, ari ya wachezaji na mazungumzo ya mkataba hayana uhalisia

Kipanga_wa_Pwani (mleta mada)

Habari za jioni wakuu. Natengeneza gemu ya kompyuta ya umeneja wa besiboli. Ni ya maandishi na majedwali tu, haina picha. Anayeicheza anakuwa meneja mkuu wa klabu ya Ligi Kuu ya Marekani (MLB): anasajili, anapandisha vijana kutoka ligi ndogo, anajadili mikataba.

Uwanjani mambo yanakwenda. Msimu wa mechi 162 unaisha na takwimu zinafanana na za kweli. Shida iko ofisini. Ari ya mchezaji nimeiweka kama namba moja, 0 hadi 100: timu ikishinda inapanda, ikipoteza inashuka. Mkataba ukiisha klabu zinataja bei na mwenye bei kubwa anaondoka na mchezaji. Matokeo yake wachezaji wote wana tabia moja. Hakuna anayenuna, hakuna anayebaki kwa mapenzi, hakuna wakala anayesema "tutaongea msimu ukiisha".

Nimecheza sana gemu ya umeneja iitwayo Out of the Park Baseball na najua wao wanampa kila mchezaji uaminifu, tamaa ya pesa na hamu ya kushinda. Sitaki kunakili. Nataka nielewe mambo yenyewe yanavyokwenda, kisha nijenge ya kwangu. Mwenye uzoefu wa besiboli, wa programu, au hata wa kukaa mezani kujadili mishahara, naomba mawazo yake.

Dada_wa_Milwaukee

Karibu kaka. Naishi Wisconsin na Brewers ndiyo timu yangu, kwa hiyo nakupa kisa kimoja ambacho gemu yako ikiweza kukizalisha, utajua umefika.

Corbin Burnes, mrushaji, alishinda tuzo ya Cy Young (ya mrushaji bora) ya 2021. Mwanzoni mwa 2023 alikuwa bado yuko chini ya klabu, hawezi kuondoka, ila ana haki ya kupeleka mshahara wake kwa wasuluhishi. Yeye alitaka dola milioni 10.75, klabu ikasema milioni 10.01. Tofauti ni dola 740,000, ambayo kwa klabu ya MLB si kitu.

Sasa angalia utaratibu wenyewe. Kila upande unapeleka namba moja. Wasuluhishi watatu wanasikiliza, kisha wanachagua namba moja kati ya hizo mbili. Hawaruhusiwi kukata katikati. Kwa hiyo klabu, ili ishinde, lazima ieleze kwa nini mchezaji wake hastahili, na mchezaji mwenyewe anakuwa amekaa mle chumbani akisikia. Burnes alishindwa. Baadaye aliwaambia waandishi kwamba uhusiano umeumia, na kwamba klabu ilimbebesha lawama ya kukosa hatua ya mtoano msimu uliotangulia.

Alicheza vibaya baada ya hapo? Hapana. 2023 alirusha vizuri, akaitwa All-Star (mechi ya mastaa wa ligi), Brewers tukaongoza kundi letu. Februari 2024 akapelekwa Baltimore, na mwisho wa mwaka huo akasaini Arizona miaka 6 kwa dola milioni 210.

Kwa hiyo hasira haikushusha kiwango chake uwanjani. Ilifunga mlango wa mkataba mrefu. Kwangu mimi hilo ndilo gemu nyingi zinakosa: zinamfanya mchezaji mwenye kinyongo apige ovyo, wakati hawa ni watu wazima wanaocheza kwa ajili ya mkataba unaofuata.

Fundi_Nambari

Dada amesema jambo kubwa sana. Mkuu, mimi ni mtu wa programu, na ushauri wangu wa kwanza ni huu: ifute hiyo namba moja ya ari. Badala yake kila mchezaji awe na orodha ya matukio. Kila tukio lina aina yake, msimu lilipotokea, uzito, kasi ya kufifia, na nani alilitenda.

Hilo la mwisho usiliache. Kuwekwa benchi ni jambo la kocha. Kudhalilishwa kwenye usuluhishi ni la meneja mkuu. Kuuza wenzake wote ili kubana bajeti ni la mmiliki. Kocha akifukuzwa, kinyongo chake kinaondoka naye, cha mmiliki kinabaki. Na si nadharia: mkataba wa nyota Shohei Ohtani na klabu ya Dodgers wa Desemba 2023, miaka 10 kwa dola milioni 700, una kifungu kinachomruhusu kujitoa iwapo mmiliki Mark Walter au rais wa masuala ya besiboli Andrew Friedman ataondoka. Ohtani alisaini na watu kabla ya kusaini na jezi.

Kasi ya kufifia nayo itofautiane. Benchi la wiki mbili lisahaulike ndani ya mwezi. Ahadi iliyovunjwa ikae miaka.

Mzee_wa_Mezani

Vijana wangu, besiboli siijui sana, ila nimekaa miaka mingi mezani upande wa chama cha wafanyakazi tukidai nyongeza. Niwaambie kitu. Kabla ya kuuliza mtu ana hasira kiasi gani, uliza anaweza kwenda wapi. Mfanyakazi mwenye hasira asiye na pa kwenda atasaini. Mfanyakazi mwenye furaha aliyeitwa na waajiri watatu atakusumbua. Mleta mada, katika mchezo huo wako mchezaji anapata lini ruhusa ya kuondoka?

Jicho_la_Skauti

Mzee shikamoo, umegonga penyewe.

Kwenye MLB ngazi ziko hivi. Miaka mitatu ya kwanza hivi ya utumishi (muda wa kuwa kwenye kikosi cha ligi kuu), klabu inapanga mshahara karibu inavyotaka, chini kukiwa na kima ambacho mwaka 2026 ni dola 780,000. Kuanzia hapo hadi miaka sita ni usuluhishi, kama alivyoeleza dada. Ikitimia sita, anakuwa huru. Na akifikisha miaka kumi kwenye ligi, mitano ya mwisho ikiwa kwenye klabu hiyohiyo, anaweza kukataa kuhamishwa.

Mwaka mmoja wa utumishi ni siku 172. Hapo ndipo vita vilipo. Kris Bryant 2015 alipiga mipira balaa kwenye maandalizi ya msimu, lakini klabu yake, Cubs, walimwanzisha ligi ndogo na kumpandisha 17 Aprili. Alimaliza na siku 171. Siku moja pungufu, na klabu ikapata mwaka wa ziada naye. Alikuwa chipukizi bora mwaka huo na mchezaji bora wa ligi yake mwaka uliofuata. Malalamiko yake yaliamuliwa mwanzoni mwa 2020, akashindwa. Mkataba wa pamoja wa ligi na chama cha wachezaji wa 2022 ukaja na dawa kidogo: anayeshika nafasi mbili za juu za kura za chipukizi bora anahesabiwa mwaka mzima.

Mpe anayecheza gemu yako kishawishi hichohicho. Amwache kijana wiki mbili ligi ndogo apate mwaka wa bure, kisha tukio hilo liandikwe kwenye ile orodha ya Fundi, likiwa na jina la meneja huyo aliyelitenda.

Na tafadhali usijenge gemu ya mastaa peke yao. Sehemu kubwa ya kikosi ni watu wanaopanda na kushuka. Mchezaji ana misimu mitatu ambayo klabu inaweza kumrudisha ligi ndogo bila kuomba ruhusa ya mtu, na kabla ya 2022 ndani ya msimu mmoja hakukuwa na kikomo cha mara ngapi. Sasa kikomo ni mara tano. Mtu wa namna hiyo hawazi milioni mia mbili. Anawaza kodi ya nyumba ya miji miwili. Ari yake ijengwe kwa vitu vyake: ameambiwa ukweli kuhusu nafasi yake, au kila wiki anaahidiwa?

Kipanga_wa_Pwani

Wakuu asanteni mno. Nimeanza kuandika upya. Orodha ya matukio ipo, ngazi za utumishi zipo, na hulka nimeweka nne: pesa, ushindi, uaminifu, na hitaji la uhakika.

Lakini nikiacha kompyuta iendeshe ligi yenyewe misimu mingi, linajitokeza tatizo jipya. Wachezaji wenye uaminifu mkubwa wanakubali nusu ya bei. Klabu ndogo zinawalundika na zinatwaa ubingwa kila mwaka. Nikipunguza uaminifu, tunarudi kwenye mnada.

Jicho_la_Skauti

Tenganisha wakati. Uaminifu unashusha bei kabla mchezaji hajafika sokoni. Akishafika sokoni unaamua tu nani ashinde pale ofa zinapokaribiana.

José Ramírez wa Cleveland ndiye mfano wa kwanza. Aprili 2022 alikubali mkataba uliofikia miaka 7 na dola milioni 141, chini kabisa ya alichokuwa anastahili, kwa sababu alitaka kubaki. Hakuwa sokoni. Na hakutoa bure: alipata kifungu cha kutohamishwa bila ridhaa yake. Kwa hiyo gemu yako isimwache mwaminifu apunguze bei bila kudai kitu. Ukimbana bei, akubane kwenye uhakika wa kubaki.

Mfano wa pili Aaron Judge. Mwaka huohuo Yankees walimpa miaka 7 na milioni 213.5. Alikuwa ameweka mwisho wa mazungumzo kuwa siku ya kufungua msimu. Akakataa, na meneja mkuu Brian Cashman akazitaja namba hizo hadharani. Judge hakufurahia. Kisha akapiga homurani 62 (mapigo ya kuupeleka mpira nje ya uwanja), rekodi ya American League, moja ya ligi mbili zinazounda MLB, na Desemba akasaini na Yankees haohao miaka 9 kwa milioni 360. Akiwa sokoni kubaki New York kulikuwa na uzito, lakini klabu ililazimika kulipa bei ya soko.

Mkwaruzo upo na bado amesaini. Ndiyo maana kinyongo kisiwe ukuta kwa kila mtu. Kiwe gharama.

Dada_wa_Milwaukee

Na ile hulka ya kuhitaji uhakika usiichukulie kirahisi, kaka. Ozzie Albies wa Braves alisaini 2019 akiwa na miaka 22: miaka 7, dola milioni 35. Wachambuzi wengi walipiga kelele kwamba amejiuza rahisi mno. Lakini kijana anayejua goti moja likienda na yeye amekwenda, milioni 35 ya uhakika ni maisha ya ukoo mzima. Kinyume chake ni Juan Soto. Alikataa miaka 15 na milioni 440 za Washington 2022, akahamishiwa San Diego, na Desemba 2024 akasaini Mets miaka 15 kwa milioni 765. Wote wawili walikuwa na akili timamu. Wanatofautiana kiasi cha hatari wanachoweza kulala nayo, na alikotoka mtu, umri na majeraha ya nyuma vinaingia humo.

Fundi_Nambari

Nikichanganya yote, mkuu, hesabu yako iende kwa mpangilio huu. Anza na bei ya soko ya mchezaji kwa miaka aliyobakiza kabla ya uhuru. Punguza kadiri anavyohitaji uhakika. Kama hajafika sokoni na klabu ni yake, punguza tena kwa uaminifu, lakini mwongezee madai ya vifungu. Kisha pita kwenye orodha ya matukio na uongeze gharama ya kila kinyongo kinachomhusu mtu anayekaa mezani. Baada ya hapo ndipo umpe wakala.

Wakala awe na tabia zake, na kuna wanaopenda kumfikisha mteja sokoni. Scott Boras anajulikana kwa hilo, ila usiifanye sheria: Stephen Strasburg alikuwa mteja wake na 2016 alisaini na Washington miaka 7 kwa milioni 175 kabla ya kufika sokoni. Kwa hiyo weka uwezekano, mteja akisisitiza wakala anafuata.

Kwenye uwanja, athari ya ari iwe ndogo mno, karibu haionekani. Nguvu yake ielekeze kwenye maamuzi: kusaini, kuomba kuhamishwa, kumkaribisha mgeni, kumzungumzia meneja kwa rafiki aliye klabu nyingine anayefikiria kuja.

Kipanga_wa_Pwani

Hilo la rafiki kumwuliza rafiki sikuliwaza, naliweka leo. Swali la mwisho: kwenye skrini nionyeshe nini? Nikionyesha orodha yote ya matukio na uzito wake, mtu atafanya hesabu na mazungumzo yatakufa.

Mzee_wa_Mezani

Usionyeshe namba hata moja. Mezani mimi sijawahi kuona namba iliyo kichwani mwa mwajiri. Niliona anavyochelewa kujibu, anayemtuma badala yake, na kama anarudia sentensi ileile ya wiki jana. Wakala wako ajibu baada ya siku moja au baada ya siku tisa. Akiudhika, ofa inayofuata ajibu kwa mstari mmoja. Mchezaji aulizwe na mwandishi wa habari na aseme "naipenda timu hii" au aseme "hayo muulizeni wakala wangu". Na ofa ya kwanza ikiwa ya dharau, mazungumzo yafungwe mpaka msimu uishe, bila kengele yoyote kulia.

Jicho_la_Skauti

Naunga mkono. Ongeza na skauti au kocha wa benchi anayeweza kunong'ona, "huyu bado anakumbuka lile la Aprili", na asiwe sahihi kila mara. Ukimaliza toleo la majaribio liweke hapa, mimi nachukua Cleveland.

Dada_wa_Milwaukee

Mimi mnajua nachukua nani. Nataka nianzie Januari 2023, namba mbili zikiwa mezani na wasuluhishi hawajaitwa bado.