MREJESHO: Barakoa ya CPAP ya mzee, hewa haimpigi tena machoni

Wakuu, niliwauliza kuhusu baba yangu, yuko Ujiji, analala na mashine ya CPAP, ile inayompulizia hewa puani kupitia barakoa, kwa sababu pumzi humkatika usingizini. Hewa ilikuwa ikivuja kando ya pua, anaamka macho mekundu. Ahsanteni sana, hali imebadilika.

Kilichosaidia zaidi ni kumvalisha akiwa amelala. Nyama za uso hubadilika mtu akijilaza, kwa hiyo barakoa iliyokaa vizuri akiwa ameketi huachia kitandani. Tulilegeza mikanda yote, tukawasha mashine, tukaiinua barakoa kidogo mpaka mpira wake wa silikoni ukajaa hewa, ndipo tukairudisha na kukaza polepole, kushoto na kulia sawa. Ukikaza sana ule mpira unajikunja na hewa inapata njia, tena pua inachubuka.

Halafu mafuta ya kupaka, na jasho la joto la huku, vilikuwa vinafanya barakoa iteleze. Sasa ananawa uso kabla ya kulala, na mpira tunauosha kila asubuhi kwa sabuni isiyo kali. Ndevu pia amekubali kunyoa.

Ndugu aliyeshauri tuzibe vitundu vinavyopuliza mbele ya barakoa: hapana, tafadhali! Hivyo ndivyo vinavyotoa nje hewa chafu ya pumzi yake. Ule mvumo si uvujaji.

Bado mdomo unamfunguka usiku, koo linakauka. Daktari amependekeza barakoa ya kufunika pua na mdomo, tunaisubiri. Aliyewahi kumchagulia mzee saizi yake aniambie alivyopima.