Dhoruba Éowyn inakuja Ijumaa: walioko Ireland na Scotland someni leo leo

Mpwani wa Galway, Jumanne 21 Januari 2025, saa nne usiku

Asalaam aleikum, na wasalaam kwa wote wengine.

Najua mnanicheka kila nikileta habari za mawingu humu, mara ya mwisho niliwatia watu hofu kikaja kimvua cha kulowesha shati, haya, nilikubali nikanyamaza. Hii ya Ijumaa lakini sio ya kuchekea. Leo wameshaipa jina, Éowyn, linatamkwa kama ei-o-win hivi, mimi ni mtoto wa Pangani, kwetu upepo una majina yake ya kazi, kusi, kaskazi, matlai, umande, huku wanauita kama wanamwita binti wa jirani.

Nimekaa na chati tangu Jumapili. Kawaida siku tano kabla modeli ya Ulaya inasema hivi, ya Wamarekani inasema vile, unaachana nazo unakwenda kulala. Safari hii zimekubaliana mapema mno na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Mgandamizo wa hewa katikati ya dhoruba unatarajiwa kushuka kama hektopaskali 50 (hicho ndicho kipimo cha mgandamizo) ndani ya saa 24. Ili waite dhoruba "bomu" kwa latitudo hizi za juu inatosha ishuke hektopaskali 24 kwa muda huo huo, sasa piga hesabu mwenyewe. Ile mistari ya mgandamizo kwenye ramani, juu ya Connacht, huku magharibi mwa Ireland, imebanana kama ukili wa mkeka, na ikibanana hivyo ujue upepo unakuja kwa hasira.

Mzee wa Houston, sisi hii zawadi tunaletewa na nyinyi.

Mzee wa Houston, Jumanne usiku

Kwani sisi tumefanyaje tena? Huku kwenyewe leo theluji imetufungia viwanja vya ndege vyote viwili, nimeishi hapa miaka kumi na tisa nikijua shida yangu ni joto na mafuriko, leo nimefagia theluji mlangoni kwa ufagio wa chelewa niliotoka nao Mombasa. New Orleans nao wamepata karibu inchi nane. Upepo wenu unahusiana vipi na sisi?

Mpwani wa Galway

Unahusiana sana mzee wangu. Hiyo baridi iliyoshuka hadi Ghuba ya Mexico inakutana na hewa ya joto ya Atlantiki, na pale zinapopakana tofauti ni kubwa kupita kiasi, basi ule mkondo wa upepo wa juu kabisa, wanaouita jeti strimu, unapata kasi ya ajabu. Dhoruba zetu huku zinakula tofauti ya joto na baridi. Sasa hii ikipita chini ya huo mkondo mahali panapostahili, hewa inanyonywa juu haraka kuliko inavyoingia chini, ndio mgandamizo unaporomoka.

Mama Watatu, Roscommon, Jumatano asubuhi

Samahani kaka naomba uniambie kwa lugha ya mama mwenye watoto watatu na nyumba shambani: hii ni kama Hidaya? Maana dada yangu yuko Kilindoni pale Mafia, ile Mei mwaka jana alikuwa ananipigia simu analia mabati yanaondoka.

Mpwani wa Galway

Dada, ukali unaweza kufanana, mashine ni nyingine. Hidaya ni kimbunga cha kitropiki, kinakula joto la bahari, kikigusa nchi kavu kinakosa chakula kinadhoofika. Hii ya kwetu haihitaji bahari ya moto na haikomi ikifika pwani, ni pana, inaweza kuifunika Ireland nzima kwa mpigo mmoja. Halafu Roscommon ni mbali na bahari ndio, ila usijidanganye na hilo.

Wewe nikuulize kitu kimoja. Maji yenu ni ya bomba la serikali au kisima?

Mama Watatu

Kisima na pampu ya umeme. Mungu wangu. Sikuwa nimefikiria.

Mpwani wa Galway

Ndio hapo sasa. Watu wote wanaogopa upepo, na upepo wenyewe utapita kwa masaa machache tu. Shida ni kile kinachofuata. Umeme ukikatika kwako pampu imekufa, choo hakishuki, boila haiwaki hata kama ni ya mafuta maana inawashwa na umeme, geti la umeme limegoma. Kwa hiyo leo jaza kila chombo, beseni, ndoo, sufuria kubwa ya pilau, na lile bafu la kulala lijaze maji ya chooni. Paua benki, zile betri za kuchajia simu, zichajiwe. Toa fedha taslimu, mashine za kadi hazifanyi kazi bila netwaki na minara ya simu ina betri ya masaa tu. Friza usiifungue fungue, ikiwa imejaa itashikilia kama siku mbili. Na jiko la mkaa au la gesi la kambini NISISIKIE mtu ameliingiza ndani, ile hewa ya kaboni haina harufu, mtalala msiamke. Watoto wana trampolini? Ifungue vyuma kabisa, usiifunge kamba, trampolini ya nchi hii inaruka kuliko Kenya Airways.

Namba ya kuripoti umeme ni 1800 372 999, iandike KWENYE KARATASI.

Dada wa Limerick, Alhamisi asubuhi

Jamani mmeona? Tahadhari nyekundu ya upepo nchi nzima! Kaka mimi niko na shifti ya usiku leo kwa nyumba ya wazee, saa mbili hadi saa mbili. Nimepigia meneja ananiambia ati "tutaona vile itakuwa". Nitaona nini na mimi ndiye nitakuwa barabarani kesho asubuhi?

Mpwani wa Galway

Nyekundu hapa maana yake upepo wa wastani unazidi kilomita 80 kwa saa na vishindo, yaani mipigo ya ghafla, vinapita 130, hiyo njano mliyozoea vishindo vyake ni kama 90 hadi 110. Wanaposema usitoke wanamaanisha usitoke, miti huku ina majani ya mtambaa hata wakati wa baridi na ardhi imelowa, inang'oka na mizizi yake.

Kwenda leo jioni sio tatizo, bado shwari. Tatizo ni kurudi, saa mbili asubuhi Limerick itakuwa bado nyekundu. Mwandikie ujumbe, usipige simu, mwandikie: nitaingia zamu yangu, asubuhi sitaondoka mpaka tahadhari iishe, naomba nipangiwe mahali pa kulala na chakula. Iwe kwa maandishi. Beba na nguo za siku mbili.

Kijana wa Glasgow, Alhamisi jioni

Oya niko kwenye basi, saa kumi na mbili kasoro hivi, simu zote zimelia kwa mpigo, mlio kama king'ora, dereva, bibi mmoja na mbwa wake, wote tumeshtuka, mimi nilidhani ni vita. Ni onyo la serikali, kesho nyekundu saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, Ireland Kaskazini nao saa moja hadi saa nane mchana. Treni zimefutwa. Bosi amefunga duka mwenyewe bila kuombwa, leo nimejua hii kitu ni siriazi.

Mpwani wa Galway, Ijumaa 24 Januari, saa saba mchana

Nipo hai. Netwaki inakuja na kuondoka, naandika haraka.

Sijalala. Saa tisa usiku upepo ulikuwa bado wa kuongea nao, ilipofika saa kumi ukabadilika sauti, haukuwa tena ule wa kupuliza na kupumzika, ukawa ngurumo moja iliyonyooka kama lori limesimama mlangoni na injini inawaka. Ule mfuniko wa mbao wa kupandia darini ulikuwa unanyanyuka na kushuka, unanyanyuka na kushuka, kama mfuniko wa sufuria ya maharage. Nilipanda ngazi nikaushika kwa mikono, nikaona upumbavu, ukinishinda nitafanya nini? Nikashuka nikawatoa watoto vyumba vya juu tukalala wote korido ya chini. Giza tupu, huku jua la Januari halitoki mpaka saa mbili na nusu.

Saa kumi na moja alfajiri kituo cha hali ya hewa cha Mace Head, pale Carna, mwendo wa saa na nusu kwa gari kutoka kwangu, kimepima kishindo cha kilomita 183 kwa saa. Rekodi ya nchi. Ya zamani ilikuwa 182, Foynes mwaka 1945, huko huko kwa Dada wa Limerick. Wastani wake wa dakika kumi ni 142 na hiyo ndiyo iliyonitoa jasho kuliko kishindo, maana kishindo ni cha sekunde. Nilipoiona nilipiga kelele kama mtu ambaye timu yake imefunga goli, mke wangu kaniangalia tu. Nakiri kuna furaha fulani ya aibu, unaifuatilia kitu siku tano halafu kinakuja kama kilivyoandikwa. Nilipofungua mlango nikaona paa la banda la jirani liko kwenye uwanja wangu, furaha ikaisha. Donegal mti umeangukia gari na mtu amefariki.

Wateja 768,000 hawana umeme upande huu wa Jamhuri ya Ireland peke yake. Mama Watatu, uko wapi? Jibu.

Dada wa Limerick, Ijumaa usiku

Niko sawa, nimefika nyumbani saa kumi jioni. Wa asubuhi hawakukuja, hatukuwalaumu, tulikuwa wanne na wazee zaidi ya thelathini, jenereta ikashika. Nyanya mmoja wa miaka 90 na kitu alikuwa anatuambia hadithi alizosikia kwa nyanya yake za Usiku wa Upepo Mkubwa wa 1839, akasema hii ni cha mtoto. Ule ujumbe ulinisaidia kaka, meneja alileta godoro.

Mama Watatu, Jumatano 29 Januari

Nawaandikia kutoka ukumbi wa klabu ya GAA, ile ya michezo ya jadi ya Ireland, wameweka jenereta, watu wanachaji simu na kuoga. Tuko salama. Siku ya sita leo bila umeme. Maji ya bafu yaliisha Jumapili, jirani mzee mkulima analeta kwa trekta, hatujawahi kusalimiana zaidi ya kupungiana mikono, sasa anakunywa chai kwangu kila jioni. Friza nimeitupa yote isipokuwa nyama tuliyochoma nje kwenye baridi.

Mpwani wa Galway

Alhamdulillah. Dada, kuna msaada wa serikali unaitwa Humanitarian Assistance Scheme, ofisi ya ustawi wa jamii, omba kwa ajili ya chakula na mavazi, tunza risiti, piga picha ya hiyo friza kabla taka hazijachukuliwa. Mafundi wanatoka mpaka Austria na Ufaransa kusaidia, lakini kwenu nguzo zimelala kwa mamia, itachukua muda.

Mama Watatu, Jumatatu 3 Februari

Umerudi! Saa kumi alfajiri, taa zote za nyumba zimewaka kwa pamoja kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuzima swichi siku ile, redio ya jikoni inapiga kelele, mashine ya nguo imeendelea na nguo zile zile za tarehe 24 zilizokuwa ndani, harufu yake msiniulize. Watoto wanakimbia na nepi. Nimebandika birika, nimesimama nalitazama.

Kaka Mpwani, nyingine ikija niambie mapema ninunue jenereta kabla hazijapanda bei. Na trampolini, niliifunga kamba tu, iko shambani kwa yule mzee wa trekta, ng'ombe wanaizunguka.