Unga chini ya vigoda vya makumbusho ya kijiji

Mdau_Ahero: Wadau, tunaandaa chumba cha makumbusho ya kijiji hapa Ahero: vigoda, vibuyu vya maziwa, mitego ya samaki ya matete. Chini ya vigoda viwili kila siku kuna unga laini, na vibuyu vimeanza ukungu. Tumeshauriwa tupake mafuta taa kisha vanishi. Ni sawa?

Bungua_Kwisha: Msipake! Hao ni bungua, wadudu watoboao mti. Mafuta taa hayamfikii funza aliye ndani ya mti, na vanishi huziba matundu tu. Mdudu akikomaa atatoboa mengine. Fagieni unga wote, tandikeni karatasi nyeusi, msikisogeze kigoda kwa wiki moja, maana kikitikisika unga wa zamani humwagika ukawadanganya. Mkiona unga mpya, kifungeni kwa nailoni nzito, toeni hewa, zibeni kwa selotepu, kiingie kwenye friza iliyokwisha kufika nyuzi 20 chini ya sifuri. Wiki mbili. Stima ikipotea, anzeni kuhesabu upya. Kikitoka, nailoni isifunguliwe kwa saa 24, ili umande utue juu yake na si kwenye mti. Kigoda chenye rangi nene au nyufa kisigandishwe.

Kibuyu: Vibuyu visioshwe. Ule weusi wa ndani, kama ni vya mursik (maziwa ya mgando) kutoka kwa Wakalenjin, ni mkaa wa mti uitwao senetwet. Ukiusugua umetupa kitu chenyewe ulichotaka kuonyesha. Ukungu ufuteni kwa brashi laini, mkiwa nje ya chumba na mmevaa barakoa. Kisha shughulikieni chumba: unyevu hewani ukipita asilimia 65 ukungu utarudi tu. Inueni rafu kutoka sakafuni, ziachane na ukuta, na msihifadhi chochote ndani ya nailoni.

Mdau_Ahero: Asanteni. Na namba za vifaa tuziandikeje? Tulitaka kutumia makapeni.

Bungua_Kwisha: Wino wa makapeni hupenya mti, hautoki tena. Pakeni Paraloid B-72 (plastiki angavu ya kupaka, inayoweza kuondolewa) iliyoyeyushwa kwa asitoni, tabaka jembamba, upande wa ndani wa mguu wa kigoda. Ikikauka andikeni kwa wino, kisha tabaka la pili juu. Mitego ifungiwe utepe wa pamba wenye namba, usibane.

Kibuyu: Na daftarini msiandike “kikapu” tu. Andikeni jina la Kijaluo alilolitaja aliyekileta, kilitumiwa na nani, kwa kazi gani. Swali hilo aulizwe siku hiyohiyo ya kupokea.