Redio za Warundi uhamishoni: kuzizima pale Kigali kulikuwa haki?

Mleta mada:
Wakuu, hili limenikaa moyoni tangu Machi 2021, Rwanda ilipozitaka RPA (Radio Publique Africaine), Radio Inzamba na Télé Renaissance ziache kutangaza kutoka Kigali. Serikali ya Burundi ndiyo iliyokuwa ikidai zifungwe, na majirani hao wawili walikuwa wanaanza kupatana baada ya miaka ya kununiana. Wengi walipongeza. Mimi nasema lilikuwa kosa.

Tukumbuke walifikaje huko. Mei 2015, katika jaribio la kumpindua Pierre Nkurunziza, rais wa Burundi wakati huo, redio binafsi za Bujumbura zilishambuliwa, RPA ikachomwa moto. Waandishi waliokimbia wakaanza upya bila masafa: kipindi kinarekodiwa, kinatumwa WhatsApp, watu wanarushiana.

Mimi ni mtu wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura. Jirani yangu, mama muuza ndagala, alikuwa anaweka redio ya taifa mezani, sauti juu, kila apitaye aisikie. Ndani ya kilemba alikuwa na spika ya sikioni, upande mmoja tu, anasikiliza Inzamba. Ikiisha anaifuta, ndipo anapima ndagala. Huyo mama ndiye aliyenyang'anywa.

Mchangiaji:
Mkuu, uchungu wako nauelewa, ila umeusema upande mmoja. RPA ilianzishwa 2001 na Alexis Sinduhije, huyo huyo aliyekuja kuongoza chama cha upinzani, MSD. Na Mei ile ile hata Rema FM, iliyokuwa ikiegemea chama tawala, ilivamiwa. Halafu niambie, mtu aliyekaa Kigali atahakikishaje kilichotokea Cibitoke, huko Burundi? Anapigiwa simu na mtu mwenye hasira, jioni inakuwa taarifa ya habari. Na mwenye nyumba wao, Rwanda, walimkosoa lini? Mimi sikuwahi kusikia.

Mleta mada:
La mwenye nyumba nakubali, ndugu yangu, tena linaniuma. Anayekupa paa anakupa na mipaka ya kusema, na siku akipatana na aliyekufukuza, unatolewa nje. Ndicho kilichotokea.

Lakini la kuhakikisha, hapana. Oktoba 2019 waandishi wanne wa gazeti la Iwacu walifanya hicho hasa unachokitaka: walitoka Bujumbura kwenda Bubanza kujionea wenyewe baada ya kusikia kuna mapigano. Walikamatwa pamoja na dereva wao, na hao wanne wakakaa jela hadi msamaha wa Desemba 2020. Mwenzao Jean Bigirimana alitoweka Julai 2016, hajaonekana hadi leo. Kwa hiyo wa Kigali alikosea kwa sababu yuko mbali, na wa Bujumbura akisogea karibu anafungwa. Huyo mama wa ndagala apate wapi habari?

Redio za Isanganiro na Rema ziliruhusiwa kurudi hewani 2016. RPA haikuruhusiwa. Kama nia ilikuwa kuwarudisha wanahabari nyumbani, ingeanza kufunguliwa ya Bujumbura, ndipo ifungwe ya Kigali. Anayeona tofauti aseme, nasoma kila mchango.